Jibu: Kikapu kinakwama kwenye simu ndogo, nihamie Redux?

Mkuu, umesema programu yako ya kuagizia bidhaa umeiandika kwa React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa), kila kitu umekiweka kwenye Context moja (njia ya React yenyewe ya kugawana data), na mteja akiongeza idadi kwenye kikapu simu inaganda. Unauliza uende Redux au Zustand, maktaba za kutunza data ya programu. Nakujibu kwa kazi ninayoishika: mfumo wa oda wa duka la jumla la vipuri vya baiskeli hapa Tanga, Ngamiani. Wateja ni wenye maduka na mafundi wa Muheza, Pangani mpaka Lushoto, na simu zao ni hizihizi za bei nafuu.

Thamani ya Context ikibadilika, kila komponenti (sehemu ya skrini) inayoisoma inachorwa upya, hata kama ilitaka kipande kimoja tu. Mteja kaongeza tairi moja, basi orodha nzima ya bidhaa, menyu na jina lake pale juu vyote vinachorwa tena. Huko ndiko simu inakokwama. Redux ingekuondolea hilo, sikatai, ila kwa programu ya ukubwa wako naiona mzigo wa bure. Dan Abramov, aliyeitoa mwaka 2015 pamoja na Andrew Clark, mwaka uliofuata aliandika mwenyewe kwamba si kila mtu anaihitaji.

Zustand ni ndogo mno na huhitaji kuizungushia programu nzima kitu chochote. Unaunda stoo, yaani ghala la data, kisha kila komponenti inachukua kinachoihusu kwa selekta, kijisehemu cha kodi kinachochagua data:

const jumla = useKikapu(s => s.jumla)

Hapa jumla ni idadi ya vitu vyote, si fedha; alama ya kikapu itachorwa upya namba hiyo ikibadilika tu. Jibu jipya la selekta likiwa sawa na la zamani, komponenti haiguswi.

Mtego uko hapa:

useKikapu(s => s.vitu.filter(v => v.idadi > 0))

Hiyo inazaa safu mpya (array) kila inapoitwa, na safu mpya haihesabiwi kuwa sawa na ya kwanza hata kama vilivyomo ni vilevile. Toleo la 4 la Zustand litakuchorea bure tu. Toleo la 5, la mwaka 2024, linaweza kukuingiza kwenye mzunguko usiokwisha mpaka ukurasa uanguke. Chukua s.vitu nzima uchuje ndani ya komponenti, au fungia selekta yako ndani ya useShallow ya Zustand, inayolinganisha vilivyomo.

Ila maktaba yoyote utakayochukua, kazi kubwa ni kuamua nini kiingie stoo. Tunaye fundi mmoja wa Lushoto anayejaza kikapu kidogo kidogo, leo tairi, kesho mnyororo na pedeli, halafu anatuma oda mwisho wa wiki. Kikapu chake kinahifadhiwa kwenye simu kwa persist, ambayo inakuja na Zustand yenyewe na kwa kawaida huandika kwenye localStorage, hifadhi ya kivinjari. Mtandao ukatike au simu izimike, akirudi anakikuta. Sasa fikiria bei ya tairi ipande katikati ya wiki. Ukiwa umehifadhi bei ndani ya kikapu, ataona jumla ya zamani, na siku ya kulipa ni ugomvi dukani. Kwa hiyo kikapu chetu kinabeba namba ya bidhaa na idadi, basi. Bei ni mali ya seva, inaletwa na TanStack Query (maktaba ya kuleta data kutoka seva), na jumla ya fedha inapigwa pale pale skrini inapochorwa.

Na siku ukibadilisha muundo wa kikapu, pandisha namba ya toleo kwenye persist na uandike migrate, kodi ya kugeuza muundo wa zamani kuwa mpya. Simu za wateja bado zimebeba muundo wa zamani. Bila migrate ule wa zamani unatupwa, na fundi wa watu anakuta kikapu kitupu.

Maneno ya kwenye kisanduku cha kutafutia, au kama menyu imefunguka, usiyapeleke stoo kabisa. useState, kumbukumbu ya ndani ya komponenti yenyewe, inatosha. Watu wakishaonja Zustand wanataka kutia kila kitu humo, na wanarudi kulekule walikotoka.

Anza kuhamisha kikapu peke yake, kisha pima kwenye simu dhaifu kuliko zote utakayoipata, si kwenye laptopu yako. Context usiitupe. Lugha na jina la mteja aliyeingia havibadiliki ovyo, vibaki humohumo.