"Brilliant" ni ndugu wa bilauri

Nilipoanza kufasiri kwa malipo, kazi moja ilirudi na neno limezungushiwa wino mwekundu. Ilikuwa maelezo ya kopo la rangi ya nyumba, "brilliant white", nami nimeandika "nyeupe yenye kung'aa". Mteja alikuwa na haki ya kukasirika. Rangi ile ni ya dari, ikikauka haina mng'ao hata kidogo. Fundi rangi jirani yangu nilipomsomea alijibu papo hapo: "Si nyeupe pe?"

Kamusi ya lugha mbili haikunipa hiyo "pe", na hapo ndipo nilipoanza kuchimba asili ya maneno kabla ya kuyafasiri. Nakusihi nawe ufanye hivyo.

Waingereza walilitwaa "brilliant" karne ya 17 kutoka Kifaransa, kwenye kitenzi "briller", kung'aa, ambacho Wafaransa walikitoa kwa Waitaliano. Nyuma ya hapo wanaisimu wengi wanaliona jiwe: "beryllus" ya Kilatini, jamii ya mawe ambayo zumaridi imo, jina lililofika kwa Wagiriki kutoka India. Wajerumani huita miwani "Brille" kwa sababu ya jiwe hilohilo. Waarabu na Waajemi nao wana "ballur", na kwa njia hiyo sisi tuna bilauri, hii ya kunywea maji! Siku nilipolijua hilo niliinyanyua yangu dirishani nikaitazama upya.

Basi ukikutana na neno hili, uliza kwanza ni nini kinachosemwa. Kiswahili hakina mwanga wa aina moja: kiatu kilichopigwa kiwi hung'aa, nyota humetameta, bibi harusi humeremeta. Kwa masonara "brilliant" ni mkato wa almasi, nyuso 57 au 58 zilizopangwa ili nuru irudi machoni. Almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana Mwadui, Tanzania, mwaka 1947, akapewa Elizabeth kabla hajawa malkia wa Uingereza, ilichongwa hivyo ikabaki karati 23.6. Hapo "kumeta" kunafaa.

Mtoto wa shule ni kipanga, au mwenye akili nyingi kama maandishi ni rasmi. "Mwanafunzi anayeng'aa" hunikera. Na Mwingereza ukimwambia utafika saa tatu, akakujibu "brilliant", hajakusifu wala hajashangaa. Andika "haya, vizuri", uendelee na sentensi inayofuata.