Maktaba yako inafanya kazi gani?

*Assalaamu alaykum. Nimetengeneza maktaba ya Python, yaani msimbo (maandishi ya programu) wa lugha hiyo ya kompyuta ambao wengine wanaweza kuutumia, inayotenganisha karafuu na makonyo kwenye picha. Kwenye GitHub, tovuti ya kuwekea msimbo, nimeieleza hivi: "Maktaba ya kisasa yenye nguvu ya akili mnemba." Mbona hakuna anayeigusa?* (Wete)

Waalaykumu salaam. Neno karafuu umenitajia mimi, wasomaji wako hukuwatajia. Kila mtu hujisifia usasa na nguvu, na sifa hizo hazimwambii msomaji kama chombo kitamfaa. Mimi ningeandika: "Hutenganisha karafuu kavu na makonyo kwenye picha za simu. Ya Python, imefunzwa kwa picha za mchana, karafuu zikiwa juu ya jamvi." Hilo jamvi usilitoe. Mwenye picha za karafuu zilizomo kwenye gunia atajua mapema kwamba ajaribu kwanza. Scikit-learn, maktaba maarufu, hujieleza kwa maneno manne tu ya Kiingereza, kwamba ni ujifunzaji wa mashine kwa Python, lakini hiyo ilianza mwaka 2007 na watu wameizoea. Yako bado ngeni, itajie kazi yake.

*Niandike "bure" au "huria"?* (Mkunazini)

Huria, kisha taja leseni. Bure ni habari ya bei. Huria ni ruhusa ya kusoma msimbo, kuubadilisha na kuusambaza. Maktaba ya TensorFlow hutumia leseni ya Apache 2.0, scikit-learn hutumia ya BSD. Vijana wetu wengi huweka msimbo hadharani bila leseni wakidhani wameshatoa ruhusa, na inaniuma, kwa sababu haki zote zimebaki kwao na mtu mwangalifu hataugusa.

*Maelezo niyaandike kwa Kiswahili au Kiingereza?* (Chake Chake)

Zote mbili, Kiswahili kitangulie. GitHub inakupa herufi 350 za maelezo hayo, zinatosha.

*Nitaje kwamba modeli yangu, yaani programu niliyoifunza kwa picha, hupatia mara 98 kwa 100?* (Mkoani)

Hapo nakuomba usubiri, dada yangu. Picha za kujaribia ulizipata wapi? Ukipiga picha 10 za jamvi moja, 8 ukafunzia na 2 ukajaribia, modeli imeshalizoea jamvi hilo, kivuli chake na rangi ya ukindu wake, kwa hiyo namba itapanda kuliko uwezo wenyewe. Nenda kwa jirani aliyeanika zake, piga picha mpya, jaribu tena. Namba utakayoipata iweke kwenye README, faili la maelezo ya maktaba, pamoja na idadi ya picha na mahali ulipozipiga.