Usijaze vipimo vyote kwenye asembli
Mdogo wangu, umeuliza kama mchoro wa asembli (unaoonyesha vipande vyote vikiwa vimeunganishwa) wa mashine yako ya kupukuchua mahindi uwe na vipimo vyote kabla hujaupeleka kwa fundi wa Gerezani, Dar es Salaam. Usiweke. Vipimo vya kukereza kila kipande vinakaa kwenye mchoro wa kipande chenyewe. Kwenye asembli weka urefu, upana na kimo cha mashine nzima, umbali wa kati kwa kati wa puli, na jinsi shafti inavyobana kwenye beringi, mfano 25 k6 (kipenyo cha milimita 25, na k6 ni alama ya kiwango cha kubana). Basi.

Shida kubwa ya picha uliyotuma ni kwamba umechora kwa nje tu, kila kitu kimefichwa na bodi. Piga mkato, yaani chora mashine kana kwamba imekatwa ili ndani kuonekane, upite katikati ya shafti. Shafti, bolti na nati zikikatwa kwa urefu wake hazipigwi mistari ya mshazari. Nyumba ya beringi inapigwa, na kipande kinachogusana nayo kipigwe kwa mwelekeo wa kinyume, ili fundi aone kimoja kinaishia wapi.

Namba za vipande zikae ndani ya viduara, nje ya mchoro. Orodha yake ianzie juu ya kisanduku cha jina la mchoro (kile cha pembeni chini) ikipanda. Ukisahau kipande (utasahau tu) unakiongeza bila kufuta. Beringi huna haja ya kuichorea mchoro wake, andika namba yake, 6205. Muuzaji wa Kariakoo atakutolea ya milimita 25 kwa 52 kwa 15 bila maswali.

Na ukichapisha A3 kwenye karatasi ya A4, ile skeli ya 1:5 uliyoandika ifute, maana mchoro umepungua.