Picha haina rangi, amplifaya iko kimya

Ndugu, umesema deki ya DVD inatoa picha nyeusi na nyeupe kwenye TV, na amplifaya haitoi sauti. Deki yenyewe huenda ni nzima kabisa. Zima vyote kwanza.

Angalia waya wa njano, ule wa picha, umechomekwa wapi. TV nyingi zina tundu moja la kijani na njano linalotumika kwa mifumo miwili ya picha: AV (waya mmoja wa njano) na Component (nyaya tatu). Waya wa njano ukiwa humo, chagua AV kwenye rimoti. Ukiweka Component, TV inasoma mwanga tu, rangi inapotea.

Nyaya za sauti, nyekundu na nyeupe, zitoe kwenye TV, uzichomeke tundu la AUX la amplifaya. Siyo PHONO! Hiyo ni ya mashine ya santuri, inakuza sauti mno na utasikia mikwaruzo tu. Kama unatumia waya mmoja wa kidijitali, ule wa tundu la rangi ya chungwa, na bado kimya, ingia mipangilio ya sauti ya deki ubadili Bitstream (sauti iliyobanwa) iwe PCM (sauti isiyobanwa). Amplifaya nyingine hazisomi Dolby Digital, aina mojawapo ya sauti hiyo iliyobanwa.

Ukisikia mvumo mzito, chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, ila usikate pini ya ethi. Ukigusa bodi ya chuma ukapigwa shoti, chomoa umwite fundi.