Jaribu skana ya mkononi kabla hujalipa

Nafunga na kutengeneza redio za upepo (redio call) kwenye magari ya watalii hapa Arusha. Gari likija na redio ambayo dereva hajui imewekwa masafa gani, skana, yaani kipokezi cha mkononi kinachonasa mawimbi ya redio zilizo karibu, hunipa jibu papo hapo. Ndiyo maana naumia nikiona kijana ananunua ya mtumba kwa sababu tu kioo kinawaka na spika inanguruma.

Skana ya aina hii haihitaji kuambiwa masafa. Hulidaka wimbi linaloyazidi mengine kwa nguvu pale ulipo, ikakuonyesha namba yake. Mjini hilo huleta shida. Ya kwangu, nilipoiwasha karibu na Mnara wa Saa, iling'ang'ania stesheni za FM tu, 88 hadi 108 megahezi, nikadhani nimeuziwa mbovu. Kumbe ilikuwa inafanya kazi yake! Nilipoifunga bendi hiyo kwenye menyu ikatulia.

Basi nenda na mwenzako mwenye redio ya wati 5. Asisimame ubavuni mwako, maana skana ikilemewa hutoa namba za uongo. Aanzie hatua kumi, abonyeze, ahesabu mpaka tano, kisha arudi nyuma zaidi. Mjini yangu iliishia hatua 40 hivi. Kisongo ilivuka 150. Mtumie redio zenu wenyewe, mazungumzo ya wengine myaache, na masharti ya kumiliki kifaa muwaulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mapema.

Sauti naipima soko la Kilombero, kwenye kelele. Mwenzangu anasoma namba za magari, mimi naandika. Nikikosea mbili katika kumi, siinunui.

Ila sauti ikiwa hafifu, usikimbilie kulaumu spika. Redio nyingi siku hizi hutuma kwa upana wa kilohezi 12.5, skana ikiwekwa kwenye 25, sauti hutoka chini. Ukigeuza, hukwaruza. Nilishafungua spika nzima nzima kwa kutojua hili, na bado inaniuma.

Maneno yakikatika kila baada ya sekunde 2, huenda skana inaacha kusikiliza ili ichungulie mawimbi ya karibu. Uchunguliaji huo huitwa kipaumbele; uzime, usikilize tena. Halafu ichomeke kwenye chaja ikiwa inapokea: mvumo ukiingia, jaribu chaja nyingine kabla hujapatana bei.