Muulize Mwalimu: Mgeni alitaka malazi, nikampa chumba cha juu

Swali: Mwalimu, pokea salamu kutoka Milimani, Kisumu. Nafanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni. Shuleni Kiingereza nilikiweza vizuri, lakini wageni wa Uingereza wakianza kuongea napotea. Wiki jana mmoja aliniuliza, "Could you put me up for one more night?" Nikadhani anataka kuhamia ghorofani, nikampa ufunguo wa chumba cha juu. Nimenunua kitabu chenye orodha ndefu ya maneno ya aina hiyo, yale yaitwayo "phrasal verbs". Nakariri usiku, kukicha yamenitoka yote. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, mgeni wako alikuwa anaomba malazi ya usiku mmoja zaidi. Angesema "accommodate" ungemwelewa papo hapo, na shida yako iko hapo. Shule zetu hutufundisha kwanza Kiingereza cha vitabuni: "postpone", "tolerate", "extinguish". Mengi ya maneno hayo yana asili ya Kilatini, na mengi yaliingia kupitia Kifaransa baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, yakashika nafasi mahakamani na ofisini. Mwingereza akiwa kwake husema "put off" akiahirisha, "put up with" akivumilia, "put out" akizima moto. Kitenzi ni kilekile. Kijineno kinachokifuata ndicho kinachogeuza maana yote. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, aliandika kwamba muungano wa namna hii ndio unaowapa wageni wanaojifunza Kiingereza ugumu mkubwa kuliko wote. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba huna akili.

Kile kitabu cha orodha kiweke kando kwanza. Orodha inayozipanga "put" zote ukurasa mmoja itakuchanganya tu, maana hazina undugu wowote. Fikiria "piga" yetu. Unapiga pasi, unapiga simu, unapiga magoti, unapiga hodi. Hakuna aliyekukalisha chini akakukaririsha. Kupiga pasi ulikujua siku ulipoishika, na hodi ulijifunza mlangoni kwa jirani. Kila moja ilikuja na mwenzake na mahali pake.

Basi na Kiingereza anzia kwenye meza yako ya mapokezi. Mgeni akifika, mpe karatasi: "Please fill in this form." Taulo zikiisha: "We have run out of towels." Bili ikiwa na kasoro: "I will sort it out." Mtu akiwa kwenye simu na wewe una mgeni mbele yako: "Hold on, please," na ukishindwa kumhudumia wakati huo, "I will call you back." Andika sentensi nzima daftarini, kamwe usiandike kitenzi peke yake, na kando yake weka vile ungeisema kwa Kiswahili. Kisha itumie siku hiyohiyo. Mgeni akiuliza, "What time do we check out?" usimjibu saa peke yake. Mwambie, "You check out at ten." Mdomo ukishaizoea, sikio litaitambua lenyewe.

Na sikio hilo litege kwenye kijineno. Mara nyingi hapo ndipo mkazo ulipo: "put me UP", "turn it OFF". Ukisikiliza "put" na "turn" peke yake, maana imekupita.

Kuna jingine ambalo nalisema kila nipatapo nafasi. Sisi huku twasema "I will pick you at Kondele" na kila mtu anaelewa. Mgeni kutoka London anayeshuka uwanja wa ndege wa Kisumu akiambiwa "I will pick you", anachosikia ni kwamba umemchagua. Sema "pick you up". Halafu "up" hiyohiyo tunaichomeka pasipo nafasi yake: "cope up with". Ni "cope with", basi.

Swali: Mwalimu, niko kidato cha nne, Mumias. Kwa nini "turn the radio off" ni sahihi, lakini "look the baby after" inakatwa?

Jibu: Mwanangu, baadhi ya vitenzi hivi hukubali kutenganishwa na kijineno chake, vingine hukataa. "Turn off the radio" na "turn the radio off" zote ni sawa. Ila shamirisho, yaani kile kinachotendwa, likiwa kiwakilishi kama "it", lazima likae katikati: "turn it off". Usiandike "turn off it" hata siku moja. "Look after", "look into" na "run into" hazitenganishwi. Wala "put up with" na "run out of". Hakuna njia ya kukisia, kwa hiyo ukikutana na kitenzi kipya soma mfano wake kwenye kamusi kabla ya kukitumia.

Na katika karatasi ya pili ya Kiingereza kwenye mtihani wa KCSE, ukitakiwa kubadilisha neno lililopigiwa mstari kwa kitenzi cha aina hii, beba na wakati wake. Katika "The coach cancelled the match", ikiwa "cancelled" ndilo lililopigiwa mstari, jibu ni "called off". Ukiandika "call off" umekosa. Naona watoto werevu wakipoteza alama hapo na inaniuma, kwa sababu jibu walikuwa nalo.

Swali: Mkubwa wangu wa kazi hapa Nakuru anasema hizi "phrasal verbs" ni lugha ya mtaani, hazifai kwenye barua rasmi. Ni kweli, Mwalimu?

Jibu: Ndugu yangu, si kweli kwa yote. "Mess up" na "hang out" ni za maongezi, ziache nje ya barua. Lakini "carry out", "set up" na "look into" zimejaa katika ripoti na barua za heshima, na mara nyingi hazina mbadala unaosomeka vizuri zaidi. Na ukifunga barua ya kuomba kazi kwa "I look forward to", kinachofuata ni "meeting you" au "hearing from you". Wengi huandika "meet you", na msomaji makini huliona kosa hilo mara moja.