Nyumba ya kusubiria kujifungua: bwalo moja au vyumba vidogo?

SWALI: Kamati yetu inajenga nyumba ya wajawazito kusubiri kujifungua, jirani na kituo cha afya. Fundi amechora bwalo moja la vitanda 24, vyoo viko mita 40 nyuma. Fedha ni kidogo. Tubadilishe nini?

JIBU: Anzeni na choo. Mjamzito wa wiki 38 huamka kukojoa mara kadhaa usiku. Mkimtembeza mita 40 gizani, wengine watarudi makwao kabla ya siku zao, na nyumba itabaki na vitanda vitupu. Matundu manne yanatosha wanawake 24, mradi yafikiwe kwa kibaraza chenye paa na taa. Mlango uwe na upana wa sentimita 90 na ufunguke kwa nje: mama akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, hamtaweza kuusukuma. Tundu moja liwe la kukaa, kimo sentimita 45, na bomba la kushikia ukutani. Bomba hilo lifungwe kwa bolti zinazopenya ukuta mzima. Skrubu na plagi za plastiki kwenye tofali lenye uwazi hung'oka siku mtu akiliegemea kwa uzito wake wote.

Mafundi hupenda kuweka kizingiti bafuni ili maji yasitoke. Kataeni. Sakafu ilale kuelekea kwenye tundu la maji, sentimita 2 kwa kila mita. Kama jamvi (sakafu ya zege ya jengo) limeinuka sentimita 15 juu ya ardhi, mteremko wa kuingilia uwe na urefu wa mita 1.8, si pungufu.

Sasa bwalo. Huko Kasungu, Malawi, kampuni ya usanifu MASS Design Group ililiacha bweni moja kubwa ikajenga vyumba vidogo vilivyozunguka nyua; kazi ilikamilika mwaka 2015. Nanyi gaweni vitanda 24 katika vyumba sita vya vitanda vinne. Chumba cha mita 5 kwa 3.6 kinaacha njia ya mita 1.2 katikati, na sentimita 90 kati ya kitanda na kitanda. Kuta zitaongezeka, ndiyo, lakini kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zitakuwa fupi na mbao nyepesi, kwa hiyo sehemu ya gharama inarudi. Ukuta wa kati usiishie kwenye renta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha: upandishwe hadi chini ya bati, la sivyo kilio na siri za chumba kimoja vitasikika cha pili.

Madirisha yatazamane ili upepo upite. Lile la upande wa njia ya watu lianze mita 1.5 kutoka sakafuni, la upande wa ua liwe chini. Ndoano za vyandarua ziwekwe kabla ya dari. Zikisahauliwa, kamba zitafungwa kwenye nyaya za umeme.

Jiko lisiwe banda la kuinamia. Meko ya sentimita 75, bomba la moshi lipite juu ya paa, na nafasi ya ndugu wanaowasindikiza, maana wao ndio wapishi. Barazani, benchi la sentimita 45 lenye egemeo. La chini zaidi humtesa mama anapoinuka.

Kabla ya kuchimba msingi, chora ramani yote ardhini kwa chokaa, vipimo kamili. Waombeni wajawazito watano waipite wakiwa na ndoo mkononi, kitandani hadi chooni, chooni hadi jikoni. Kufuta chokaa hakuna gharama.